Tepe mbili za koplo: fundo la kupandisha polisi vyeo nchini Kenya

Konstebo hana tepe. Koplo anazo mbili, sajini tatu. Kwa raia anayesimamishwa barabarani tofauti hiyo si kitu. Wote ni afande tu. Kwa mwenye sare, tepe mbili za kwanza ni mshahara na heshima, na ndizo zinazoamua nani anapanga zamu na nani anapangiwa, nani analala nyumbani usiku wa mvua na nani yuko kwenye kizuizi cha barabarani. Ndiyo maana ukikaa na polisi mwenye miaka kumi na mitano kazini ambaye bado ni konstebo, mazungumzo hayachelewi kufika hapo: fulani alitoka chuo cha polisi cha Kiganjo nyuma yangu, na leo mimi ndiye ninayempigia saluti.

Malalamiko haya ni ya zamani na yameandikwa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, jopo la Jaji Philip Ransley lilipewa kazi ya kuwachunguza polisi, likatoa ripoti 2009 yenye mapendekezo zaidi ya 200. Miaka kumi na minne baadaye, Novemba 2023, jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga nalo likakabidhi ripoti yake, na humo mkawamo tena upendeleo, ukabila na rushwa katika kuajiri, kupandisha vyeo na kuhamisha maafisa. Kati ya ripoti hizo mbili Kenya ilipata katiba mpya, sheria mpya za polisi, tume huru ya kuwasimamia, na kanuni rasmi za kupandisha vyeo. Kwa hiyo anayesema tatizo ni kukosa sheria hajasoma sheria. Zipo, tena nzuri.

Ugumu ni kwamba neno moja, "kupandishwa cheo", limebeba mambo manne kwa pamoja: nani anaamua, nafasi ziko ngapi, afisa anapimwa kwa nini, na cheo kinaleta nini mfukoni. Ukiyashika yote kwa mkupuo huelewi kitu. Nitayafungua moja moja, nami nakiri mapema kwamba moja ninaliona lina uzito kuliko mengine matatu.

Nani ameshika kalamu

Chini ya katiba ya zamani, Kamishna wa Polisi aliteuliwa na Rais, na orodha za vyeo zilitoka makao makuu kama taarifa ya hali ya hewa: unaisikia, huihoji. Katiba ya 2010 ilikusudia kuuvunja utaratibu huo. Kifungu cha 246 kikaunda Tume ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, ambayo wengi huiita NPSC, na kuipa kazi ya kuajiri, kuthibitisha maafisa kazini, kuamua upandishaji wa vyeo na uhamisho, na kusimamia nidhamu. Wanachama wake ni tisa: mmoja mwenye sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu, maafisa wakuu wawili wa polisi waliostaafu, watu watatu waadilifu waliotumikia umma vyema, kisha Inspekta Jenerali na manaibu wake wawili.

Kifungu kinachotangulia, cha 245, kinampa Inspekta Jenerali mamlaka huru ya kuamuru. Waziri anaweza kumpa maelekezo ya sera, lakini hakuna mtu anayeruhusiwa kumwelekeza kuhusu kuajiri, kupanga kazi, kupandisha cheo, kusimamisha au kufukuza polisi yeyote.

Soma vifungu hivyo viwili kwa pamoja uone mshono unavyovuta. Kimoja kinasema tume ndiyo inayoamua vyeo. Kingine kinasema kamanda yuko huru, hata katika mambo ya vyeo. Kamanda atauliza: nitaongozaje kikosi ikiwa sina kauli kuhusu nani anakuwa mkuu wa kituo? Tume itajibu: mbona wewe ni mwanachama, unakaa mezani na una kura? Hoja zote mbili zina uzito, na mvutano umechukua miaka. Umegusa hata orodha ya mishahara, nani aitunze. Oktoba 2025, katika kesi iliyohusu kuajiriwa kwa makonstebo 10,000, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuajiri polisi ni kazi ya Inspekta Jenerali na si ya tume, uamuzi uliowashangaza wengi waliodhani neno "kuajiri" ndani ya Kifungu cha 246 lilikuwa limemaliza ubishi.

Huu ndio upande wa habari unaopendwa na magazeti, kwa sababu una sura mbili zinazogombana. Mimi nauona umepewa nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Awe Inspekta Jenerali au tume, aliye na kalamu Nairobi hamjui konstebo aliye Loiyangalani. Anachokijua ni karatasi iliyotoka kituoni. Ikiwa karatasi hiyo haisemi ukweli, kumpokonya huyu kalamu na kumpa yule hakubadilishi chochote ila wino.

Hesabu ambayo hakuna anayependa kuifanya

Kabla ya kuifikia karatasi hiyo, kuna jambo fupi la hesabu. Chukua mfano wa kubuni: makonstebo 100 na nafasi 20 za koplo. Kila koplo anakaa kwenye cheo hicho miaka 5 kabla ya kupanda au kuondoka. Maana yake kila mwaka nafasi 4 zinakuwa wazi. Ukiamua kupandisha watu kwa foleni tu, aliyetangulia kuajiriwa atangulie kupanda, konstebo aliye mwisho wa foleni atasubiri miaka 25. Ukiamua kuivunja foleni na kuchukua wenye alama bora, kijana wa miaka minne kazini anaweza kupata tepe, lakini kwa kila kijana anayeruka mbele kuna mzee anayesukumwa nyuma, na baadhi ya wazee watastaafu bila tepe hata moja.

Hesabu hiyo haijali kama waamuzi ni malaika au mafisadi. Ngazi za polisi wa Kenya, kuanzia konstebo, koplo, sajini, sajini mkuu, inspekta, inspekta mkuu, kwenda juu hadi masuperitendenti, makamishna na Inspekta Jenerali (msomaji wa Tanzania atazitambua kwa majina ya mkaguzi, mrakibu na kamishna), ni pana chini na nyembamba juu. Wengi watabaki chini hata mfumo ukiwa hauna doa. Swali la haki, basi, si kama kila mtu atapanda. Ni kama aliyebaki anaweza kuelezwa kwa nini amebaki, akaamini.

Mwaka 2018 mambo yalizidi kuchanganyika. Serikali iliwahamisha maelfu ya polisi tawala, tawi la pili la polisi wa Kenya, kwenda kwenye huduma ya kawaida ya polisi. Kila upande ulikuja na foleni yake, na desturi zake za kupandisha watu. Ukiunganisha foleni mbili kwenye mlango mmoja, kila aliyesimama ataapa kwamba ameingiliwa.

Fomu inayojazwa na mkubwa

Sasa tufike kwenye karatasi. Popote penye utumishi wa umma kuna fomu ya tathmini. Mkubwa wa karibu humjazia aliye chini yake: anafika kwa wakati, ana nidhamu, anaweza kuongoza, anaandika taarifa vizuri, kisha alama, kisha sahihi. Fomu ikiongezwa kwenye faili, faili ikipanda ngazi, huko juu ndiko inakofikiriwa pamoja na miaka ya kazi, kozi alizofanya, elimu, na rekodi ya nidhamu. Kwa vyeo vya juu kuna na usaili.

Maradhi ya fomu hii yanajulikana duniani kote, si Kenya peke yake.

La kwanza ni ukarimu. Kumpa mtu alama ya chini ni kazi. Itabidi uieleze, atalalamika, na kesho utapanda naye landrova moja kwenda doria. Kumwandikia "bora sana" hakugharimu kitu. Baada ya miaka michache kituo kizima ni bora sana, na fomu haimtenganishi mtu na mwenzake. Hapo ndipo simu zinapoanza kufanya kazi ambayo fomu ilishindwa kuifanya. Ninasisitiza mpangilio huu kwa sababu mara nyingi tunausema kinyume. Tunasema kujuana kumeua tathmini. Mara nyingi tathmini ilikuwa imeshakufa, na kujuana kukaja kukalia kiti kilichokuwa wazi. Waamuzi wakiwa na majina 300 yenye alama sawa kwa nafasi 40, lazima wachague kwa kitu. Watachagua kwa kipi?

La pili ni ujanja wa kuondoa mzigo. Mkuu wa kituo ana afisa mvivu na mkorofi. Njia ya nidhamu ni ndefu, ina mashahidi, ina rufaa. Njia fupi ni kumsifia kwenye fomu ili apande na ahamishiwe kwingine. Matokeo yake ni kwamba kuna maafisa waliopanda kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa nao.

La tatu ni kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Mkubwa humwona aliye karibu naye. Dereva wake, karani wake, anayeshika simu ofisini, wanaonekana kila siku. Konstebo anayelinda kituo kidogo maili arobaini kutoka makao ya kaunti ndogo anaonekana mara moja kwa mwezi, tena siku aliyokosea.

La nne ndilo gumu zaidi, kwa sababu haliponywi kwa uaminifu. Kazi nzuri ya polisi mara nyingi haiachi alama. Tuseme majirani wawili wanagombania mpaka wa shamba, panga limeshatolewa. Konstebo mmoja anakaa nao mpaka jua linazama, anawaita wazee, anawaelekeza kwa chifu na karatasi zao za ardhi. Anarudi kituoni na mstari mmoja kwenye kitabu cha matukio, au hata huo hauandiki. Mwenzake, kwenye ugomvi kama huo huo, anawatia wote pingu. Yeye ana watu wawili seli, majina mawili kwenye kitabu, na safari ya mahakamani. Mwisho wa mwaka, karatasi inasema wa pili ndiye aliyefanya kazi.

Walioamua kuhesabu, na kilichowapata

Jawabu linalokuja haraka ni: basi tuhesabu. Tuweke tarakimu, tarakimu hazina kabila. New York walifanya hivyo kwa ukali kuliko wote. Mwaka 1994, chini ya kamishna William Bratton, idara ya polisi ilianzisha mikutano ya Compstat: wakuu wa vituo wanasimama mbele ya viongozi, ramani ya uhalifu ya mtaa wao iko ukutani, wanaulizwa kwa nini wizi umepanda. Aliyeshindwa kujibu alijua nafasi yake iko hatarini. Uhalifu ulishuka sana katika miaka ile, ingawa wataalamu hawajakubaliana ni kwa kiasi gani mikutano hiyo ndiyo iliyoushusha, kwani ulishuka pia katika miji isiyokuwa nayo.

Lakini tarakimu zikishakuwa ngazi ya kupandia, watu hujifunza kuzichonga. Wizi wa kutumia nguvu unaandikwa kama mali iliyopotea. Mlalamikaji anaambiwa arudi kesho, kesho anachoka. Afisa mmoja wa kituo cha 81 kule Brooklyn alirekodi kwa siri wakubwa wake wakidai idadi fulani ya kukamata watu na wakikwepa kuandika malalamiko. Mwaka 2009 wenzake walimtoa nyumbani kwake kwa nguvu wakampeleka wodi ya wagonjwa wa akili. Uchunguzi wa ndani wa polisi wenyewe baadaye ukathibitisha kwamba taarifa za uhalifu kituoni hapo zilikuwa zimevurugwa, na mwaka 2015 jiji likakubali kumlipa dola 600,000. Anayependekeza Kenya ipandishe polisi kwa idadi ya waliokamatwa aanzie na kisa hicho, kisha ajiulize idadi hiyo itatafutwa wapi Jumamosi usiku hapa kwetu. Bodaboda na mama wa kibanda wanalijua jibu.

Uingereza na Wales walikwenda njia nyingine, na kwangu ndiyo yenye mafunzo zaidi, ijapokuwa haivutii vichwa vya habari. Kwa anayetaka kuwa sajenti au inspekta waliigawa safari hatua nne. Kwanza mkubwa wake athibitishe kwamba anaimudu kazi aliyo nayo sasa. Kisha mtihani wa sheria wa maswali 150 ya kuchagua jibu, ambao unafanana kwa vikosi vyote. Anayetaka usajenti anahitaji asilimia 55, anayetaka uinspekta 65. Kisha kikosi chake kimpime kwa yale ambayo cheo kipya kinadai. Akifaulu, hapewi cheo moja kwa moja: anakikalia kwa muda, anapimwa akiwa kazini kwa takriban mwaka, ndipo anathibitishwa.

Uzuri wa mgawanyo huo ni kwamba unatenganisha maswali ambayo sisi huyafunga pamoja. Je, umefanya vizuri hapo ulipo? Je, unaijua sheria? Je, utaweza kazi iliyo mbele? Konstebo hodari anaweza kuwa sajini mbovu, maana kazi ya konstebo ni kufanya na kazi ya sajini ni kusimamia wanaofanya. Fomu moja yenye alama moja haiwezi kulijua hilo. Mwaka wa kukaa kwenye cheo kwa majaribio unaweza.

Mtihani nao una sifa moja ambayo katika nchi ya kujuana ni dhahabu: karatasi isiyo na jina haipokei simu. Lakini hapa niseme kwa tahadhari. Mtihani unampenda aliye na muda wa kusoma. Afisa wa makao makuu aliye na taa, meza na jioni yake mwenyewe hashindani sawa na aliye kwenye operesheni mpakani Mandera, anayelala na viatu. Ukileta mtihani bila siku za kusomea kwa walio mazingira magumu, utakuwa umebadilisha upendeleo wa jina kwa upendeleo wa mahali. Hali ni hiyo hiyo kwa kozi za miezi za kulala chuoni: mama mwenye mtoto mchanga akilazimika kuiahirisha, ameahirisha na tepe zake.

Basi kipimwe nini?

Hapa ndipo ningependa mjadala wa Kenya uhamie. Ziko alama ambazo kazi ya polisi inaziacha nje ya kituo, mahali ambapo mkubwa wake hawezi kuzichonga.

Faili za kesi ni mojawapo. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hupokea faili, na nyingine huzirudisha kwa sababu ushahidi haukukusanywa, shahidi hakuandikisha taarifa, au kifungu cha sheria kimekosewa. Wakili wa serikali anajua baada ya faili tano ni mpelelezi gani anafanya kazi yake. Maoni hayo hayana sababu ya kuachwa nje ya tathmini.

Malalamiko ya raia ni mengine. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, imekuwepo tangu sheria yake ya 2011. Kumpandisha afisa cheo bila kwanza kuuliza IPOA kama ina faili lake ni kama kuoa bila kuuliza kwao. Lakini malalamiko yasihesabiwe kama magunia: polisi wa trafiki hulalamikiwa kuliko anayelinda ghala, na afisa asiyefanya chochote halalamikiwi kabisa. Kinachofaa ni malalamiko yaliyochunguzwa na kuthibitishwa.

Na kuna njia rahisi ambayo sielewi kwa nini haitumiki zaidi. Chagua kwa bahati nasibu taarifa ishirini kutoka kitabu cha matukio cha kituo. Mpigie simu kila aliyeziandikisha. Uliripoti ng'ombe wako ameibiwa mwezi wa tatu. Je, kuna afisa aliyekuja? Alikurudia kukueleza? Ulidaiwa pesa ya mafuta ya gari? Siku mbili za kupiga simu zitakueleza kuhusu mkuu wa kituo mambo ambayo faili yake ya miaka kumi haijawahi kuyasema. Tena zinamtetea yule konstebo wa ugomvi wa shamba, maana majirani wale watamkumbuka kwa jina.

Cheo kama njia ya pekee ya kula

Hata tukipima kwa haki, fundo moja litabaki. Kwa polisi wa Kenya, karibu kila jema la maisha limefungwa kwenye cheo. Kwa hiyo mpelelezi aliyebobea katika kesi za ulaghai wa simu, ambaye mahali pake pazuri ni kwenye meza yake na kompyuta yake, hana njia ya kuongeza mshahara kwa maana ila kuwa mkubwa wa watu. Akipanda, huduma imepoteza mpelelezi mzuri na kujipatia msimamizi wa wastani. Majeshi na hospitali nyingi duniani wana ngazi ya kitaalamu inayokwenda sambamba na ya uongozi, mtu akalipwa zaidi kwa ujuzi bila kuamuru mtu.

Kenya ilijaribu kitu cha jinsi hiyo kwa mlango wa nyuma. Kwa muda, polisi wenye digrii walilipwa mshahara wa ngazi ya inspekta hata walipobaki makonstebo. Mwaka 2018 mishahara hiyo ikapunguzwa, na maafisa wakaenda mahakamani. Kila upande ulikuwa na la kusema. Digrii ya historia haimfanyi mtu mlinzi bora wa benki, na mwajiri aliyekwisha kumlipa mtu hawezi kumpokonya kwa waraka. Nyongeza ya mishahara iliyoanza Julai 2024, kufuatia mapendekezo ya jopo la Maraga, imepunguza joto kidogo, lakini haikutenganisha mshahara na tepe.

Cheo kikiwa ndiyo njia ya pekee, kinapata bei. Tume ilipoanza kuwasaili maafisa upya Desemba 2013 ili kuwachuja, ilitazama akaunti zao za benki na za M-Pesa, na usaili wa polisi wa trafiki ukaanika hadharani mtiririko wa pesa kutoka kwa wa chini kwenda kwa wakubwa wao. Zile zilikuwa pesa za kubaki kwenye barabara nzuri. Soko la nafasi na soko la vyeo ni ndugu. Aliyelipia nafasi yake amekopa, na deni hilo analipa abiria wa matatu.

Kabila, jinsia na sifa

Katiba inadai mambo mawili ambayo watu hupenda kuyagombanisha. Kifungu cha 232 kinataka ushindani wa haki na sifa viwe msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo, lakini hapo hapo kinataka uwakilishi wa jamii mbalimbali na nafasi sawa kwa wanaume na wanawake. Kifungu cha 246 kinarudia kwamba huduma ya polisi iakisi sura ya maeneo na makabila ya nchi.

Kwa maoni yangu ugomvi huu umekuzwa. Penye majina 300 yenye sifa za kutosha kwa nafasi 40, unaweza kupata arobaini wanaofaa ambao pia wanafanana na Kenya. Shida inaanza pale "usawa wa maeneo" unapotajwa mwishoni, mdomoni, kufafanua jina ambalo halikuwa kwenye orodha ya walioitwa. Tiba yake ni kutangaza mapema: nafasi ni hizi, vigezo ni hivi, uzito wa kila kigezo ni huu, na baada ya zoezi, walioomba walikuwa kutoka huku na waliopata ni kutoka huku. Tume inadaiwa na Kifungu cha 254 kutoa ripoti kila mwaka kwa Rais na Bunge. Jedwali kama hilo lingepata nafasi humo bila taabu.

India imewahi kulijaribu jambo linalokaribiana. Septemba 2006 Mahakama ya Juu ya huko, katika kesi iliyofunguliwa na afisa wa polisi mstaafu Prakash Singh, iliagiza kila jimbo liwe na bodi ya maafisa wakuu ya kuamua uhamisho na vyeo vya maafisa wa ngazi za chini na za kati. Serikali ya jimbo ikitaka kuubadilisha uamuzi wa bodi, ifanye hivyo kwa nadra, na iandike sababu zake. Majimbo mengi yamekuwa yakilikwepa agizo hilo kwa ujanja wa kila aina. Hata hivyo sehemu ya mwisho ndiyo ninayoipenda: andika sababu.

Barua kwa asiyepanda

Polisi wa Kenya hawana chama cha wafanyakazi. Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria iwapunguzie wanajeshi na polisi haki kadhaa, zikiwemo za kujumuika, kukutanika na mahusiano ya kazi, na sheria imefanya hivyo. Konstebo aliyerukwa hawezi kugoma wala kuandamana, na akilalamika kwa sauti anaweza kujikuta kwenye lori la uhamisho.

Lakini tazama haki ambazo kifungu hicho hakikuzitaja. Kifungu cha 47, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa katika maamuzi ya kiutawala, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapoathiri haki yake, hakimo kwenye orodha ya haki zinazoweza kupunguzwa kwa polisi kwa njia hiyo. Konstebo anaweza kuuliza, kwa barua na kwa heshima zote: nilipata alama ngapi, kwa kigezo gani, aliyekuwa wa mwisho kupita alipata ngapi, na nani alinipima? Akinyimwa jibu, Mahakama ya Ajira iko wazi kwake.

Fikiria jibu lake, karatasi moja tu. Miaka ya kazi: alama kadhaa. Mtihani: alama kadhaa. Faili za kesi zilizorudishwa: tatu kati ya kumi na moja. Raia waliopigiwa simu: saba walisema alirudi kuwaeleza, wawili walisema hawakumwona tena. Wa mwisho aliyepita alikuzidi kwa alama nne. Ana siku kadhaa za kukata rufaa, na anajua pa kuanzia kabla ya mwaka ujao.

Kuandika barua hiyo hakuhitaji katiba nyingine wala jopo la tatu. Kunahitaji kwamba siku ya kupima kulikuwa na mtu aliyepima kweli na kuandika alichokiona, ili leo karani wa vyeo awe na kitu cha kunakili.